Vituo vya kulelea watoto Kigoma viwape wazazi kanuni zao kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na wenye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na wazazi wenzangu ambao kila asubuhi tunawaacha watoto wetu katika vituo hivyo tunavyoviita deikea. Ombi langu ni kwamba kisiwepo kituo kinachopewa usajili, wala kinachoachwa kiendelee na usajili wake, kama hakina kijitabu cha wazazi kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ambacho mzazi anakabidhiwa na kueleweshwa kabla hajamwacha mtoto hapo kwa siku ya kwanza.

Kila anayeishi mjini hapa anajua kwa nini vituo hivi vimeongezeka. Zamani mtoto wa mama aliyekwenda mwaloni Kibirizi au sokoni Mwanga alibaki na bibi yake, na bibi alikuwa nyumba ya pili. Leo bibi yuko Kasulu au Kakonko, mama amepanga chumba Gungu au Katubuka, na dada wa kazi, kama yupo, mara nyingi naye ni binti ambaye mahali pake ni shuleni. Mwanamke aliyeajiriwa naye hana nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo anarudi kazini akiwa na haki ya saa mbili tu kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Siku hizo zikiisha, mtoto wa miezi mitatu hana budi kupata mtu wa kumlea. Kwa hiyo siandiki kuvilaumu vituo, kwa sababu bila vituo hivyo biashara nyingi za kina mama mjini hapa zingesimama, na wengi wa wanaoviendesha ni wanawake wenye moyo wa kazi yao.

Sheria ya kuvisimamia si ngeni. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria mahususi ya vituo vya kulelea watoto mchana, na sheria hiyo ilipofutwa mambo yake yaliingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara na ambayo katika orodha ya sheria za nchi ni Sura ya 13. Chini ya sheria hiyo mtu hafungui kituo kwa sababu tu ana nyumba yenye ua mpana na majirani wenye watoto; anatakiwa kuomba na kusajiliwa kupitia mfumo wa ustawi wa jamii, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana mamlaka ya kuingia, kukagua majengo na kuangalia kumbukumbu. Tangu Desemba 2021 tunayo pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka mitano hadi 2025/26, ambayo imezisogeza wizara na halmashauri kwenye meza moja kuhusu mtoto wa chini ya miaka minane. Hatuwezi kusema Serikali imelala.

Tatizo ninaloliona liko kwa mzazi, ambaye hajui usajili huo unamaanisha nini. Katika vituo vingi mzazi akiingia ofisini anakuta ukutani leseni ya biashara na cheti cha namba ya mlipakodi, vyote vina nembo ya taifa, naye anatoka akiamini kwamba Serikali imekikagua kituo. Leseni ya biashara inaonyesha kwamba mtu ameruhusiwa kufanya biashara, na namba ya mlipakodi inamtambulisha kwa TRA. Hakuna kati ya karatasi hizo mbili inayosema kwamba kuna mtu aliyekwenda kuangalia choo, maji ya kunywa, mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka, au mwenendo wa mtu anayewaogesha watoto. Mkanganyiko huongezeka pale kituo kinapokuwa na darasa la awali ndani yake, kwa kuwa darasa hilo ni la upande wa elimu na lina taratibu zake, ilhali chumba cha pili wanapolala watoto wa mwaka mmoja na miwili ni cha ustawi wa jamii. Nimewahi kumuuliza mwenye kituo kimoja mjini hapa, ambacho sitakitaja, anionyeshe cheti cha usajili wa malezi, akanionyesha barua ya ofisi ya elimu na kushangaa kwamba nataka kingine. Sidhani kwamba alinidanganya. Nadhani hakuna aliyewahi kumweleza tofauti, na bila shaka hakuna mzazi aliyewahi kumuuliza kabla yangu.

Ofisa ustawi wa jamii hawezi kutufanyia kazi hii peke yake. Mezani kwake kuna mashauri ya matunzo ya watoto waliotelekezwa, migogoro ya ndoa, watoto waliokutwa na kesi, wazee wasio na msaada na watu wenye ulemavu, na vituo vya malezi ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Hata akiwa mwaminifu na mwenye usafiri, ambao mara nyingi hana, atakifikia kituo mara chache kwa mwaka. Mzazi anafika mara mbili kwa siku. Anaona kama geti liko wazi, anasikia sauti ya mlezi kabla mlezi hajajua kama kuna mtu mlangoni, anamvua mtoto nguo jioni na kuona alama mwilini. Jicho lililo karibu zaidi na mtoto ni la mzazi, lakini mzazi huyo hana kipimo mkononi, kwa kuwa hajui kituo kiliahidi nini kwa Serikali kilipoomba usajili. Akiona jambo linalomtia shaka anajiuliza kama ndivyo ilivyo kawaida, ananyamaza, na mwisho anamhamisha mtoto kimyakimya, na watoto wa wenzake wanabaki palepale.

Nimejaribu kusoma jinsi nchi nyingine zinavyoliunganisha jambo hili, na mfano wa Marekani una mafunzo mazuri na mabaya. Kule hakuna leseni moja ya taifa. Kila jimbo linatunga masharti yake, na ndiyo maana idadi ya watoto wachanga anaoruhusiwa kuwahudumia mlezi mmoja ni wanne katika jimbo la Texas na sita katika jimbo la Georgia. Serikali ya shirikisho inaingilia kwa njia ya fedha: sheria ya ruzuku ya malezi iliyohuishwa mwaka 2014 inayataka majimbo yanayopokea fedha hizo kuvikagua vituo vyenye leseni vinavyohudumia watoto wa ruzuku angalau mara moja kwa mwaka bila kutoa taarifa, kuchunguza historia ya wafanyakazi, na kuyatangaza matokeo ya ukaguzi katika intaneti ili mzazi ayasome. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kijitabu cha wazazi, ambacho kwetu kinaonekana kama pambo la shule za gharama kubwa, katika majimbo kadhaa ni sehemu ya masharti yenyewe ya leseni. Kanuni za Texas zinakitaka kila kituo kiwe na taratibu zake kwa maandishi na kumpa mzazi: saa za kazi, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, mtoto akiugua itakuwaje, dawa zinatolewaje, nidhamu inasimamiwaje, dharura ikitokea watoto watapelekwa wapi, kwamba mzazi anaweza kuingia kituoni saa yoyote ya kazi bila kuomba ruhusa kwanza, na namna ya kuifikia ofisi inayotoa leseni akiwa na malalamiko. Mkaguzi akifika anakilinganisha kituo na masharti ya jimbo, na pia na maneno ya kituo chenyewe.

Lakini kule kule kuna jimbo la Indiana, ambako huduma za malezi zinazoendeshwa na makanisa hujiandikisha tu bila kulazimika kuwa na leseni kamili kama vituo vingine. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu hapa Kigoma vituo vingi vizuri viko chini ya makanisa na misikiti, na nimesikia watu wakisema kwamba nyumba ya ibada haihitaji kukaguliwa. Naheshimu sana kazi ya viongozi wetu wa dini. Hata hivyo mtoto anayepaliwa na uji hapaliwi kwa dini ya mwenye jengo, na kituo cha dini kinachofanya kazi yake vema kitakuwa cha kwanza kufungua milango.

Sisemi tuige masharti ya nchi tajiri kama yalivyo. Kijitabu cha Kigoma kinatakiwa kuandikwa na mtu anayeijua Kigoma, na niruhusu nieleze ninavyofikiri.

Kianze na saa. Wavuvi wa dagaa wanalala ziwani na taa zao, mitumbwi inarudi alfajiri, na mama anayenunua dagaa wabichi ili akaanike anatakiwa awe mwaloni wakati huo huo, la sivyo wenzake watakuwa wamemaliza. Kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi hakimsaidii, na matokeo yake ni kwamba mtoto anaachwa kwa jirani au anafungiwa ndani na dada yake wa miaka saba hadi muda ufike. Kama kituo kinaweza kupokea watoto saa kumi na moja alfajiri, kiandike hivyo, na kiandike ni mlezi gani mwenye dhamana saa hizo, kwa sababu ninajua vituo ambavyo mtoto wa alfajiri anapokewa na mlinzi wa getini. Kama hakiwezi, kiandike pia, ili mama ajipange mapema kuliko kubahatisha.

Suala la nani anamchukua mtoto nalipa uzito kuliko mengine yote. Jioni katika barabara ya Lumumba au njia ya kuelekea Ujiji utaona bodaboda moja imebeba watoto watatu wa deikea, wa mbele amekaa juu ya tangi la mafuta, na dereva ni kijana ambaye wiki iliyopita hakuwa yeye. Mlezi alimtoa mtoto kwa sababu kijana alisema ametumwa na mama. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema, "Huyu simjui." Kijitabu kiwe na ukurasa ambao mzazi anaandika majina ya watu wasiozidi watatu au wanne walioruhusiwa, na namba zao za simu, na kama mmoja wao ni dereva basi aje na kitambulisho chake na picha yake ibaki kituoni, mtu ambaye hayumo katika ukurasa huo asipewe mtoto hata akiwa mjomba, mpaka mzazi apigiwe simu na kukiri. Najua kwetu kumkatalia mjomba ni jambo zito, na mlezi mwenye umri wa miaka ishirini hathubutu kumwambia mtu mzima, "Shikamoo, lakini mtoto sikupi." Sharti likiwa limeandikwa na kugongwa muhuri wa halmashauri, anayekataa si binti yule tena, na hakuna mtu mzima atakayeona amedharauliwa.

Kuhusu ugonjwa, sisi ni watu wa malaria. Mikoa yetu hii ya magharibi, Kigoma na jirani zetu wa Tabora, ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi nchini, na mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuamka mzima na kufika jioni akiwa na degedege. Kijitabu kiseme homa ikianza mzazi anapigiwa simu mara moja, kwamba mtoto hapewi dawa iliyobaki kwa mtoto mwingine, kwamba dawa aliyoandikiwa hospitali inatolewa kwa kuandikwa saa na kipimo, na kwamba simu ya mzazi isipopatikana mtoto anapelekwa zahanati fulani iliyotajwa kwa jina, na nani atamsindikiza, na nani atabaki na wengine. Kiseme pia watoto wanaolala mchana wanalala chini ya chandarua. Mzazi naye awe na wajibu: alete nakala ya kadi ya kliniki inayoonyesha chanjo, hasa ya surua, ambayo ratiba yetu ya taifa inaitoa kwa mtoto wa miezi tisa na tena wa miezi kumi na minane, na asimlete mtoto anayeharisha kwa tumaini kwamba atapona akiwa huko. Maji nayaweka hapa hapa. Watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Tulikiona mwaka 2015 pale Kagunga, na kituo chenye watoto thelathini kinachotumia ndoo moja ya maji ya ziwa yasiyochemshwa ni hatari kwa mtaa mzima.

Adhabu ndipo wazazi wengi hawajui haki ya watoto wao. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha, na kinaongeza jambo ambalo lingefaa kuandikwa kwa wino mzito katika kila kijitabu: kwamba hakuna namna ya kumrekebisha mtoto inayohalalishwa ikiwa imezidi kiasi kwa umri na hali yake, wala ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa kwa nini anarekebishwa. Watoto wa deikea ndio hasa wanaosemwa katika maneno hayo. Mtoto wa miaka miwili aliyejikojolea haelewi kiboko kinahusianaje na suruali yake, na kumfungia chooni au kumnyima uji ni adhabu pia, ingawa haiachi alama. Baadhi ya wazazi wenzangu, nasema kwa uchungu, ndio wanaomwambia mlezi, "Mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo haitoki kwa mzazi, kwa kuwa sheria haimpi mzazi mamlaka ya kuitoa.

Yako mengine ambayo nitayapitia kwa ufupi. Kituo kiseme kina walezi wangapi kwa watoto wangapi katika kila chumba, na kama wamepata mafunzo ya malezi, wamepata wapi. Kiseme kama kinapokea watoto wenye ulemavu na kimejiandaa vipi, maana kuwafukuza kwa kusema "hatuna mwalimu wao" kumekuwa mazoea. Kiseme picha za watoto zitatumikaje, kwa sababu vituo vingi huzirusha katika makundi ya WhatsApp na mitandaoni kujitangaza, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023 jambo hilo linahitaji idhini ya mzazi.

Ada nayo iandikwe kwa kuujua uchumi wetu. Siku za mbalamwezi uvuvi wa dagaa husimama, na mama wa mwaloni hana fedha. Ziwa zima lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, familia nyingi za Kibirizi na Katonga zilibaki bila kipato cha kawaida kwa miezi mitatu, na watoto wakaondolewa vituoni kwa madeni. Sijasema kituo kimlee mtoto bure, kwa sababu mlezi naye anakula. Ninachosema ni kwamba kituo na mzazi wakubaliane mapema na kwa maandishi: malipo kwa siku au kwa wiki kwa anayetaka, muda wa kusubiri deni, na kwamba mtoto hazuiliwi getini wala kutangazwa mbele ya wenzake kwa sababu mama yake anadaiwa.

Mwisho wa kijitabu pawe na ukurasa wa namba za simu ambao hakuna kituo kinachoruhusiwa kuuondoa: ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, mwenyekiti wa mtaa, Zimamoto 114, na namba 116 ya Simu ya Huduma kwa Mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Sheria ya Mtoto inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na watu hawawezi kutimiza wajibu huo kama hawajui pa kwenda.

Najua hoja itakayoletwa na wenye vituo, nami naiona ina uzito. Wengi wanaendesha kituo kwenye nyumba ya kupanga, ada ni ndogo, uchapaji ni gharama, na kila sharti jipya linafungua mlango wa mtu kuja kudai chochote ili afumbe macho. Wapo pia watakaosema kwamba tukibana sana vituo vidogo vitafungwa au vitajificha, na watoto watarudi kufungiwa ndani. Kwa hiyo napendekeza halmashauri yenyewe iandae nakala ya mfano, kurasa nane au kumi tu, yenye nafasi za kujazwa, na kuitoa bure katika ofisi za kata. Mwenye kituo ajaze, ofisa ustawi apitie na kugonga muhuri, nakala moja ibaki ofisini kwake. Gharama iliyobaki ni ya kurudufu, na mzazi anaweza kuichangia bila kulalamika. Kituo kilichokwishafunguliwa bila usajili kipewe muda unaoeleweka wa kukamilisha, kikisaidiwa na ofisa badala ya kutishwa, isipokuwa pale ambapo watoto wako hatarini leo, na hapo hakuna muda wa kutoa.

Wapo watakaosema kwamba wazazi wengi hawatakisoma. Ni kweli kwamba wapo wasiojua kusoma, na wapo bibi zetu wanaoleta wajukuu na ambao Kiha ndiyo lugha wanayoielewa sawasawa. Ndiyo maana nimesema mzazi aeleweshwe, si akabidhiwe tu. Kikao kimoja cha wazazi mwanzoni mwa muhula, mlezi akasoma ukurasa kwa ukurasa na mwingine akafafanua kwa Kiha, kinatosha, kisha kila mmoja akatia saini au dole gumba. Kisichofaa kabisa ni kile nilichokiona katika vituo vinavyojiona vya hadhi, ambako mzazi hupewa maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha kunakili, yenye kurasa nzima kuhusu rangi ya soksi na sweta na aina ya begi, na hakuna mstari hata mmoja unaosema nani anaruhusiwa kuondoka na mtoto.

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa naomba mambo mawili yanayoweza kufanyika kabla ya muhula wa Januari. La kwanza ni orodha ya vituo vilivyosajiliwa, kata kwa kata, ibandikwe katika mbao za matangazo za ofisi za kata na mitaa na katika kliniki za mama na mtoto, kwa kuwa huko ndiko mama anakokwenda na mtoto mchanga kila mwezi akiwa bado hajachagua kituo. La pili ni hiyo nakala ya mfano ya kijitabu, iandaliwe kwa kuwaita walezi wachache, wazazi wachache wakiwamo kina mama wa mwaloni, ofisa afya na mtu wa Zimamoto. Wapo watu mjini hapa walio tayari kuifanya kazi hiyo bila posho, nami ni mmoja wao. Na kwako Mhariri, orodha hiyo ikitoka, naomba uichapishe katika gazeti lako.

Wako,
Mzazi, Gungu,
Kigoma